Sam Burgess dakika 80 na shavu limevunjika: hesabu ya mafowadi wa Souths, fainali ya 2014

Anayeifuata ragbi ligi ya Australia anaijua ile picha ya Sam Burgess, fowadi wa South Sydney (Souths), kwenye fainali ya 2014, jicho limefura mpaka linataka kuziba, shavu limevimba, jamaa analia baada ya filimbi ya mwisho. Na kila ikirushwa tena maneno ni yaleyale, mwanaume wa shoka, kaumia mwanzo kabisa wa mechi kamaliza zote 80. Sikatai, ni wa shoka kweli. Ila mi huwa naiangalia ile mechi kwa jicho la mtu anayepanga mafowadi, nani aanze nani akae benchi nani apumzike saa ngapi, na ukiiangalia hivo kuna swali ushujaa umelifunika: kwani ilikuwa lazima abaki uwanjani dakika zote? Sabu si zilikuwepo?

Kwanza niwaweke sawa wale wa ragbi yunioni, maana najua huku kwetu, hasa Kenya, ukisema ragbi watu wanawaza Shujaa na Safari Sevens, ligi ni mchezo mwingine. Wanacheza 13 kila upande. Ukiangushwa hakuna kugombania mpira pale chini, unasimama unauviringisha nyuma kwa mguu mwenzako anaokota mnaendelea, na mnaruhusiwa kuangushwa mara sita tu kabla ya kuachia mpira. Walinzi kila mtu akiangushwa wanarudi nyuma mita 10, alafu wanatoka tena mbele mbio wakakabe. Rudi, toka, kaba, inuka, rudi. Hiyo ndo inamaliza watu, sio yale magongano yanayoonekana kwenye video fupi, fowadi wa katikati anaweza kukaba mara 30 na kitu kwenye mechi moja na kila mkabo una hizo mita 10 nyuma yake.

Mafowadi ni sita. Namba 8 na 10 ni propu, 9 ni huka, 11 na 12 ni wa safu ya pili wanaokimbia pembeni kidogo, 13 ni loku. Kazi ngumu ya katikati wanaibeba propu wawili na loku, na huka anakuwa katikati yao muda wote kwa sababu kila mpira unaanzia kwake. Benchi enzi zile lilikuwa na watu wanne. Tofauti na soka, aliyetoka anarudi, anapumzika anarudi tena, ila kila anayeingia anahesabiwa. Huko Australia 2001 waliweka mwisho sabu 12, 2008 zikawa 10, na toka 2016 ni 8. Kwa hiyo fainali yetu hii ilichezwa kwa sabu 10, shikeni hiyo namba maana nitairudia.

Sasa kisa chenyewe. Jumapili tarehe 5 Oktoba 2014, Sydney, uwanja ule wa Olimpiki ya 2000, watu 83,833. South Sydney dhidi ya Canterbury Bulldogs. Souths walikuwa hawajachukua ubingwa toka 1971, miaka 43, na katikati hapo walishafutwa kwenye ligi kabisa mwisho wa 1999 wakapigana mahakamani mpaka wakarudi 2002. Kwa hiyo presha ya siku ile usiulize. Kochi wa Souths ni Michael Maguire, kwa Bulldogs ni Des Hasler.

Kabla hata ya filimbi ya kuanza makochi wote wawili walikuwa na shida moja, na ni shida ya fowadi. Maguire kampoteza huka wake Issac Luke, alifungiwa kwa namna alivyomwangusha Sonny Bill Williams wiki moja kabla, kwenye nusu fainali waliyowapiga Roosters 32-22. Hasler naye kampoteza Michael Ennis, huka na kepteni wake, mguu. Yaani fainali ya ligi nzima inachezwa na mahuka wawili wa akiba! Souths wakamweka Apisai Koroisau, kijana wa miaka 21 ambaye tayari ilijulikana anahamia Penrith msimu unaofuata. Bulldogs wakamweka Moses Mbye, ambaye kwa asili ni mtu wa nyuma, wa kupanga mchezo, sio wa kukaa katikati ya mapropu.

Huka akibadilika mipango yote ya zamu za mafowadi inabadilika, na hiki kitu watu wengi hawakioni. Huka mzoefu ndo anayeamua propu gani apewe mpira, anajua nani kachoka, anampa mwenye pumzi anamruka aliyekwisha, anapunguza kasi pale wenzake wanapohema. Yaani nusu ya kazi ya kupumzisha watu anaifanya yeye uwanjani bila sabu yoyote kutumika. Ukiweka mgeni hapo huduma hiyo inapungua, na lazima uifidie kwa kitu kingine, ama sabu nyingi zaidi, ama uwe na fowadi mwingine pale katikati mwenye akili ya mchezo na pumzi ya kukaa muda mrefu. Kwa Souths mtu huyo alikuwa loku wao, Sam Burgess.

Na sio yeye tu. John Sutton, kepteni, miaka mingi alikuwa namba 6, mtu wa kugawa mipira, na msimu ule ndo alihamishiwa safu ya pili kwa sababu kijana Luke Keary alikuwa amefika. Wengine waliona kama kushushwa cheo hivi. Kwangu mimi ni moja ya maamuzi bora ya uteuzi ya Maguire, manake ghafla una fowadi mwenye mikono ya mtu wa nyuma anayeweza kupasi kabla hajagongana. Upande mwingine Ben Te'o, mtu wa nguvu. Alafu mapacha, wadogo zake Sam, George na Tom, vipande vya watu, wale ni wa zamu, unawaingiza wakiwa moto wanagonga wanachoka unawatoa.

Kwa mpangilio huu unaona Maguire alikuwa na aina mbili za mafowadi. Wa kukaa: Sam, Sutton. Wa kuingia na kutoka: hao mapacha na mapropu wengine. Na hiyo ni makusudi, sio bahati.

Tuje kwenye tukio. Mpira umepigwa kuanza, Souths wanaupokea, Sam ndo anabeba wa kwanza. Hiyo yenyewe ni desturi, ule mbebo wa kwanza wa fainali unampa mtu wa kutisha, na wapinzani nao wanamtuma mtu wa kutisha aje kumpokea. Aliyetumwa ni James Graham. Mwingereza mwenzake, wamecheza timu ya taifa pamoja. Wakagongana, kichwa cha Graham kikaingia kwenye shavu la Sam. Ilikuja kuthibitishwa baadaye kwamba mfupa wa shavu ulivunjika pamoja na sehemu ya tundu la jicho. Sam akainuka, kashika uso, akaendelea.

Hapo ndo kochi anatakiwa kuamua, na ana sekunde sio dakika. Hajui kama ni mfupa au ni uvimbe. Anajua tu kwamba fowadi wake bora, anayeondoka (Sam alishasaini kwenda Bath, kucheza yunioni Uingereza, kila mtu anajua hii ndo mechi yake ya mwisho), kaumia usoni na bado kuna karibu dakika 80 mbele.

Watu wakilizungumzia hili wanasema "angemtoa angetumia sabu moja". Hapana. Sabu moja kati ya 10 ni kitu gani, hiyo sio gharama. Gharama ni mtu. Tupige hesabu.

Mpango wa kawaida wa enzi zile za sabu 10 ulikuwa hivi. Propu wawili wanaanza, dakika ya 20 mpaka 25 wanatoka wote wawili, hapo zimetumika 2. Walioingia wanakaa mpaka mapumziko au kidogo baada, alafu wale wa kwanza wanarudi, zimekuwa 4. Dakika ya 65 hivi unaweza kubadili tena, 6. Huka ukimpumzisha akarudi ni 2, zimekuwa 8. Zinabaki 2 za dharura, au za kumpumzisha loku, maana na loku akitoka akarudi ni 2. Ukiwa na loku anayekaa dakika zote 80 zile 2 zinabaki mfukoni mwisho wa mechi, na sabu za mwisho wa mechi zina thamani kuliko za mwanzo, sawa na bando la intaneti, ukilimaliza asubuhi jioni unabaki unaangalia simu.

Sasa ukimtoa Sam dakika ya 2 asirudi tena, sabu bado unazo 9. Shida benchi limebaki na watu watatu kwa dakika 78. Aliyeingia badala ya Sam naye ni mtu wa zamu, hawezi kukaa dakika zote hizo, itabidi atolewe, na anayemtoa ni kati ya hao watatu ambao walipangwa kuwapumzisha mapropu. Kwa hiyo zamu ya kila mtu inarefuka. George aliyepangwa kugonga dakika 20 za moto sasa anagonga 30, na zile 10 za ziada sio za moto, ni za kuburuta miguu, na hapohapo ndo wapinzani wanapita. Unaweza ukawa na sabu tele usiwe na mtu wa kuingiza. Siku hizi zikiwa 8 vinabana vyote viwili, ila 2014 kilichobana ni watu.

Kwa hiyo namwelewa Maguire kutomwondoa moja kwa moja, na mfupa haukuwa umethibitishwa. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni wa katikati. Kuna chaguo la tatu ambalo story ya ushujaa imelimeza: mtoe dakika ya 20, wakati wa sabu za kawaida, daktari amwangalie kwa utulivu sio kwa kukimbizana naye uwanjani, akae dakika 12 au 15, arudi kama anaruhusiwa. Gharama yake ni sabu 2. Wewe una 10. Loku wa kukaa 80 ni raha ukiwa naye mzima, ila huyu sio mzima tena, ana jicho linaloziba, na mlinzi wa katikati asiyeona upande mmoja ni hatari kwake na kwa mwenzake wa pembeni, manake pale katikati unamkaba mtu huku unamwangalia wa pili anayekuja nyuma yake. Bulldogs walikuwa timu ya hivyo hasa, mafowadi wa Hasler walikuwa wanapasiana wao kwa wao pale kwenye mstari, Graham mwenyewe ndo bingwa wa hiyo, anabeba anafika anakupa pasi fupi dakika ya mwisho. Jicho moja mbele ya Graham ni kamari.

Kamari ililipa. Mapumziko 6-0 Souths. Kipindi cha pili Tony Williams wa Bulldogs akapata trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), 6-6, na hapo mechi ikawa wazi kabisa. Ukiwa benchi muda huo, dakika ya 50 na kitu, unauliza swali moja tu: nani ana pumzi zaidi pale katikati? Jibu lilikuja dakika ya 56 hivi. George Burgess akapewa mpira karibu na mstari wa Bulldogs, sio mbinu yoyote ya ajabu, kakimbia tu, wakamvamia watu, wakamshika, akawakokota, akaenda kuuweka chini. Rudia kuiangalia ile trai usimwangalie George, waangalie wanaomkaba. Wamesimama wima. Mlinzi mwenye pumzi anashuka chini kwenye miguu, mlinzi aliyechoka anakushika kifuani akiomba Mungu. Kwa mtu wa saizi ya George ukimshika kifuani amekupita.

Sio kwamba George alikuwa bora siku ile kuliko mafowadi wote wa Bulldogs, hapana, alikuwa anacheza dakika zilizopangwa kwa ajili ya mtu wa aina yake. Na dakika hizo zilipatikana kwa sababu kaka yake hakuhitaji kubadilishwa. Ndo maana nasema trai ile ina jina la George kwenye karatasi ila ililipiwa na shavu la Sam. Kuanzia trai hiyo ukuta ukaanguka, Souths wakafunga pointi 24 bila majibu, Auva'a, Adam Reynolds, Greg Inglis akamalizia na ule mtambao wake maarufu wa kushangilia, 30-6. Ukiona matokeo bila kuangalia mechi utadhani ilikuwa mteremko, kumbe saa nzima ya mwanzo walikuwa wanalingana.

Sam akapewa medali ya Clive Churchill, ya mchezaji bora wa fainali. Na hapo ikaja ile kumlinganisha na John Sattler, kepteni wa Souths aliyevunjwa taya mapema kwenye fainali ya 1970 dhidi ya Manly akacheza mpaka mwisho wakashinda 23-12. Ulinganisho mzuri kwa mashabiki, kwa mtu wa kupanga timu haufai hata kidogo, 1970 hakukuwa na hii kutoka na kurudi, Sattler akitoka ndo basi. Sam alikuwa na mlango wa kurudia.

Upande wa Bulldogs nao waachwe wapumue kidogo, watu wanawasema kama walizidiwa roho. Walimaliza msimu nafasi ya 7, kufika fainali walipita kwa Melbourne, wakaja Manly kwa pointi moja 18-17 muda wa nyongeza, wakaja Penrith 18-12. Mechi ngumu mfululizo na mafowadi walewale. Fainali wakaingia bila Ennis, na huyo ndo alikuwa anaamua kasi ya mchezo wao. Mbye alijitahidi sana, ila kijana wa nyuma ukimweka kukaba katikati ya mapropu wa Souths, mapropu wa Souths wanajua wamkimbilie nani. Hilo sio kosa la Mbye. Kama kuna lawama mi ningeipeleka kwenye uteuzi wa benchi wa msimu mzima, timu inayotaka ubingwa inakuwaje na huka mmoja tu wa kweli? Souths walikuwa na Koroisau amelelewa nyuma ya Luke, akaingia kwenye fainali hakuna kilichotikisika. Na huyohuyo Koroisau baadaye alikuja kuchukua ubingwa mara mbili zaidi na Penrith, 2021 na 2022, kwa hiyo Souths walikuwa na huka wa daraja la juu anakaa akiba na hata hawakumbakiza.

Ukitaka kujua zile dakika 80 za Sam zilikuwa na thamani gani angalia walichofanya Souths bila yeye. 2015 Sam yupo Bath, Te'o naye kaenda Leinster, walibaki na mapacha wote wawili, wakamaliza wa 7 na kutolewa wiki ya kwanza ya mtoano. George na Tom ni walewale, nguvu ileile. Ila sasa hakuna wa kukaa pale katikati wakati wao wanapumzika, kwa hiyo wakawa wanapewa dakika ndefu zaidi na ile mikimbio ya kukokota watu watatu ikapungua. Sam akarudi 2016, mwaka huohuo sabu zikashushwa kuwa 8, na Souths hata nane bora hawakuingia, kwa hiyo msije mkadhani mtu mmoja anatibu kila kitu. Mwili nao ulikuwa umeanza kumdai, akastaafu mwishoni mwa 2019 kwa sababu ya bega.

Swali nililoanza nalo, ningefanyaje mimi? Ningemtoa dakika ya 20. Najua kuna watakaosema ukimtoa mwili unapoa, uvimbe unakuja, hatarudi, na timu ikimwona anatoka roho zinashuka. Hoja ya uvimbe naiheshimu, wachezaji wenyewe wanaisema, ukikaa chini maumivu ndo yanakukuta. Ya roho kushuka siinunui, hawa walikuwa na Inglis, Sutton na Te'o uwanjani.

Kwa sheria zilizokuja baadaye Maguire angebanwa zaidi. 2021 waliongeza mchezaji wa 18 wa kukaa tayari, ila alianzishwa kwa ajili ya timu iliyopoteza watu kwa vipimo vya kichwa au mtu aliyeumizwa kwa rafu iliyoadhibiwa. Graham na Sam waligongana kihalali, hakuna penalti hakuna kadi, kwa hiyo mtu wa 18 angekaa palepale na jezi yake safi. Kumtoa Sam na kumrudisha kungekula sabu 2 kati ya 8, na ukishaweka zile 4 za mapropu zinabaki 2 kwa ajili ya Koroisau na mapropu wa dakika za mwisho. Hapo hata mimi nisingekuwa na jibu jepesi, pengine ningempa Sutton kazi ya loku kwa dakika 15, nimvute Sam pembeni kwenye safu ya pili ambako mikabo ni michache, nisitumie sabu hata moja. Na kwa kweli hata 2014 hilo lingewezekana, Sutton alikuwa palepale.